Kujenga Dau Uzeeni: Jihadhari na Vumbi la Mbao

Watumishi wengi wa umma hustaafu wakiwa na miaka 60. Nguvu bado zipo, lakini anayeshinda kitini viungo vyake hukakamaa upesi. Kazi ya mikono humfaa sana, na mojawapo ni kujenga dau dogo la tanga uani. Mtu wa Lionja atacheka, maana bahari iko Lindi! Ni kweli. Lakini mbao ziko huku kwetu, na dau la mita nne hupakiwa kwenye lori likashushwa kwenye ghuba ya Lindi, unakoishia Mto Lukuledi.

Kwanza hulazwa mkuku, kisha huungwa mbao na mataruma yaliyochongwa kwa matawi yaliyopinda yenyewe. Usikimbilie. Saa mbili au tatu za asubuhi zinatosha, kisha pumzika na unywe maji.

Adui mkubwa wa kazi hii ni vumbi. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitoa kitabu kinachoeleza kwamba vumbi la mbao husababisha saratani ya ndani ya pua. Hilo huwapata zaidi waliolivuta kwa miaka mingi, lakini pumu haingoji miaka mingi. Vumbi la mninga na la mvule huweza kubana kifua, na la mpingo huwasha ngozi. Tezo hutoa vibanzi vinavyoanguka chini. Msumeno na msasa ndivyo vinavyotoa vumbi jembamba linaloingia mapafuni. Kwa hiyo fanya kazi nje, upepo ukipiga mgongoni, na vaa barakoa inayobana vizuri puani. Kitambaa chepesi hakizuii vumbi hilo. Nyunyiza maji kabla ya kufagia. Wajukuu wakae mbali. Ukianza kukohoa usiku au kupumua kwa mluzi, acha kazi uende zahanati.

Ukichomwa na msumari, osha jeraha kwa maji na sabuni, kisha uliza kama unahitaji sindano ya pepopunda, hata kama tundu ni dogo.

Mwisho ni kalafati, yaani kuziba nyufa kwa pamba yenye mafuta, na kupaka deheni chini ya dau. Deheni ina chokaa. Weka ndoo ya maji safi karibu; chokaa ikiingia jichoni, lioshe mfululizo kwa dakika 20, usilisugue, ndipo upelekwe kwa mganga.