Mlawi Aliyefika Miaka 50, na Shosho Aliyeachwa Kwa Ploti

Somo: Hesabu 8:23-26. Soma pia Luka 2:36-38 na 1 Timotheo 5:3-10.

Jumapili iliyopita tuligusa Hesabu 8 na wengi mkashangaa kwamba mlango ule una neno kuhusu uzee. Nimeombwa niliandike kwa kirefu, basi kaa na Biblia yako ikiwa wazi.

Mungu alimpa Musa utaratibu wa kazi ya Walawi. Mlawi alianza utumishi wa hema akiwa na miaka 25, na akifika 50 aliacha kazi ile nzito. Kumbuka hema ilikuwa ya kuhamishwa. Kuna mbao, nguzo na vitako vya kubebwa jangwani. Hapo wengi wetu tunafunga ukurasa. Lakini mstari wa 26 unaendelea: mzee huyo atahudumu pamoja na ndugu zake hemani, akishika ulinzi. Mzigo umetoka mabegani, lakini nafasi yake iko palepale. Asubuhi bado ana sababu ya kuvaa na kutoka nyumbani.

Mimi nilisomea biashara kabla ya kuingia kwa huduma, na macho yangu hukimbilia mpango wa kazi. Naona Mungu ametenganisha vitu viwili ambavyo sisi huvichanganya: kazi nzito, na nafasi ya mtu kati ya watu. Tukimwambia mzee, "Mama, pumzika sasa, umefanya ya kutosha," tunamnyang'anya vyote viwili kwa mara moja, tena kwa upendo.

Hebu tuangalie Munyaka yetu. Shosho ameletwa na mwanawe kutoka mashambani kwa sababu miguu inamsumbua. Huko alikuwa na kuku, na jirani wa kumpigia hodi. Hapa ni chumba cha kupanga kwa ploti. Saa kumi na mbili asubuhi mwana anaenda kazini, wajukuu wanaenda shule. Anaachiwa chai, redio, na onyo: "Usitoke, pikipiki zitakugonga." Mpaka jioni. Majirani pia wako kazini. Ukweli usemwe, huenda anakula vizuri kuliko alivyokula nyumbani. Lakini tangu asubuhi hadi jioni hakuna anayemhitaji kwa lolote. Baada ya miezi familia inaleta ombi: mama amenyamaza, hataki kula, anasahau. Tunaomba, na lazima tuombe, na hospitali pia apelekwe. Lakini mimi siku hizi huuliza swali lingine: Jumatano mchana anafanya nini? Jibu karibu kila mara ni moja: "Anakaa tu."

Na kukaa tu kunaumiza. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya kiasi angalau dakika 150 kwa wiki, na angalau siku 3 wafanye yale ya kuimarisha miguu na kusimama imara ili wasianguke. Dakika 150 ni nusu saa tu kwa siku tano. Sasa niambie, aliyefungiwa chumbani atazipata wapi?

Eldoret hatuna haja ya kutafuta mfano mbali. Januari 2004, mwaka mmoja baada ya karo ya shule za msingi kuondolewa, Mzee Kimani Ng'ang'a Maruge aliingia darasa la kwanza Kapkenduiywo akiwa na miaka 84, amevaa kaptura na soksi ndefu kama wenzake. Mwalimu mkuu, Jane Obinchu, alimpokea. Mzee alisema anataka kujua kuhesabu pesa, na kujisomea Biblia, manake alikuwa na shaka kama wahubiri wanafuata kilichoandikwa. (Wahubiri wenzangu, tumeze hiyo.) Mwaka 2005 alipanda ndege mpaka New York kutetea elimu. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zikamkosesha mali yake, akaishia kambini. Na kutoka kambini bado alienda shule. Baadaye alihamia nyumba ya wazee ya Cheshire kule Kariobangi, Nairobi, na hata huko akajiandikisha shule tena, mpaka ugonjwa ulipomzidi. Alifariki Agosti 2009.

Sasa rudi Luka 2. Ana nabii mke, mjane, naye anahesabiwa miaka 84. Luka anasema hakuondoka hekaluni. Ndiyo maana siku Mtoto alipoletwa, yeye alikuwa pale, akamtambua, akawaambia wengine. Kama ndugu zake wangemwambia akae nyumbani asije akaanguka kwenye ngazi, si angekosa saa ile? Na Paulo, akiwaandikisha wajane wa miaka 60 kwenda juu, anauliza walichofanya kwa mikono yao: walilea? Walikaribisha wageni? Waliosha miguu ya watakatifu?

Nimependekeza kwa wazee wa kanisa jambo moja. Jengo letu Jumatano asubuhi limefungwa kwa kufuli. Kwa biashara, mali inayolala namna hiyo ni hasara. Tulifungue saa tatu mpaka saa saba. Nchi za Ulaya na Marekani zina vituo ambapo mzee huletwa asubuhi na kurudi kwake jioni. Sisi tayari tuna paa, viti, sufuria ya uji na choo karibu. Mazoezi yafanyike wakiwa wamekaa kwa viti, kisha kusimama na kutembea kidogo. Anayeona asomee asiyeona Neno. Wanaume wacheze drafti ya vifuniko vya soda, wapende wasipende kushindwa. Wahudumu wa afya wa kijiji, waliopewa vifaa vya kupima presha na sukari mwaka 2023, tuwaombe wapitie.

Lakini tusiwafanye watoto. Kuwakalisha wazee mstari kuwaimbia na kuwapa mkate ni kuwatoa hemani mara ya pili. Anayejua kufuma kiondo afundishe wasichana wetu, na Tito 2 itatusaidia hapo. Aliyekuwa mkulima asimamie sukuma wiki kwa magunia pale nyuma, na mboga ziende kwa jikoni la kanisa. Anayesahau njia awe na mtu wake, na geti lifungwe.

Mtu ameniuliza, si serikali inawalipa? Ndiyo, Inua Jamii inawapa shilingi 2,000 kwa mwezi waliofika miaka 70 na wamesajiliwa. Hizo ni za unga. Haziketi na mtu. Na wana wasidhani Jumatano imewaondolea 1 Timotheo 5:4. Jioni mama anarudi kwako.

Kazi ya seli juma hili: kila kiongozi aniletee kabla ya Jumapili jina la kila mzee wa eneo lake, awe wa kanisa letu au la, ploti anayoishi, nani anabaki naye mchana, na kitu kimoja alichojua kufanya akiwa na nguvu. Hilo la mwisho lisiachwe wazi. Wenye pikipiki, tuonane baada ya ibada ya pili tupange nani atamchukua nani.