Kuhifadhi na Kusahau

Katika miji yetu mtoto akisomeshwa jambo leo, na kesho akalisahau, hukumu yake hutolewa upesi: ati huyu ni zuzu, au ni mtundu asiyetaka kusoma. Mzazi hulipokea neno hilo kwa mwalimu akalipeleka nyumbani, na mtoto mwenyewe hulisikia mara nyingi hata akaliamini. Wako walioacha chuo na skuli kwa hukumu kama hii, hali akili zao zilikuwa timamu. Twataka kueleza hapa, kwa kadiri ya nafasi tuliyo nayo, yale yaliyothibitishwa na wataalamu wa elimu ya nafsi, ambayo siku hizi huitwa saikolojia, ili anayehukumu ajue ahukumu nini.

Elimu hii si ngeni kwetu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alizigawanya nguvu za ndani za mtu mafungu matano, akaitenga ile ipokeayo na ile iwekayo akiba. Mfano wake mashuhuri ni wa kondoo amwonapo mbwa mwitu. Jicho laona rangi na umbo, lakini uadui hauonekani kwa jicho. Iko nguvu nyingine iufahamuo, na nyingine tena iuhifadhio. Mgawanyo wake sio utumiwao leo, lakini lile la asili, kwamba kupokea ni jambo moja na kuweka ni jambo jingine, lingali limesimama.

Ushahidi wake ulikuja kwa njia ya msiba. Mwaka 1953, katika mji wa Hartford huko Marekani, kijana wa miaka 27 aitwaye Henry Molaison alipasuliwa ubongo ili atibiwe kifafa. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku ile hakuweza tena kuweka akilini tukio jipya. Nambari aliweza kuishika maadamu anaikariri. Fikira zikigeuzwa upande mwingine kidogo tu, imekwenda zake. Mambo mengi ya utotoni aliyakumbuka. Na la ajabu zaidi ni kuwa Bi Brenda Milner alipomfundisha kuchora nyota huku akiutazama mkono wake katika kioo, mkono ule ulizidi ustadi siku baada ya siku, naye mwenyewe hakumbuki kuwa amepata kuifanya kazi ile. Basi kumbukumbu si chumba kimoja. Iko ya kushika kwa kitambo, iko akiba ya kudumu, na iko ya mkono na mazoea.

Hii ya kushika kwa kitambo ni ndogo mno. George Miller mwaka 1956 aliikadiria kuwa yachukua vitu kama saba. Nelson Cowan mwaka 2001 akaishusha hata vinne hivi. Ndipo sisi sote tukaitaja nambari ya simu kwa mafungu, wala si tarakimu moja moja. Mwalimu ampaye mtoto mgeni mistari kumi kwa mkupuo mmoja amimina pishi ya mchele katika kibaba, kisha akikasirikie kibaba kwa kumwaga.

Sasa tuje kwenye kusahau kwenyewe. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, aliyetoa kitabu chake mwaka 1885, alijifanya yeye mwenyewe mwanafunzi na mtahini. Alitunga silabi zisizo na maana yoyote, akazihifadhi fungu kwa fungu, kisha baada ya muda akazihifadhi upya na kupima ni sehemu gani ya kazi aliyoiokoa kwa kuwa alizisoma zamani. Baada ya saa moja aliokoa chini ya nusu. Baada ya siku moja, kama thuluthi. Baada ya mwezi mzima, kama khumusi. Yaani hasara kubwa hutokea katika saa za mwanzo, kisha upotevu huenda polepole. Na huyu alikuwa mtaalamu, mtu mzima, mwenye hamu ya kazi yake, wala hapana aliyemsimamia na fimbo.

Silabi zile zilipotea upesi kwa kuwa hazikuwa na cha kujishikiza. Neno lenye maana hudumu zaidi. Hapa twaomba tusieleweke vibaya. Kuhifadhi Kurani ni heshima yetu, wala hatumwambii mtu apunguze. Lakini mtoto wa Kiswahili anayehifadhi maneno ya Kiarabu pasina kuambiwa hata maana ya sura kwa jumla, yuko karibu sana na hali ya Ebbinghaus na silabi zake. Kumweleza kisa kilichomo ndani ya sura kwa lugha ya mamake si kumpotezea wakati; ni kumpa msumari wa kutundikia.

Ebbinghaus aliona jambo la pili, nalo ni lenye faida zaidi. Kukariri mara 38 kulikogawanywa kwa siku tatu kulimfaa sawasawa na kukariri mara 68 kulikorundikwa katika siku moja. Anayekesha usiku wa kuamkia mtihani alipa karibu mara mbili kwa bidhaa ile ile.

La tatu lilithibitishwa na Roediger na Karpicke, Wamarekani, mwaka 2006. Wanafunzi walipewa habari ya kusoma. Baadhi yao wakaisoma tena na tena. Wengine wakaifunika na kujaribu kuitoa kichwani. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma ndio waliotangulia. Baada ya wiki moja mambo yalipinduka, wakatangulia wale waliojitahini. Kurudia kusoma hulainisha ulimi, na ulimi laini humdanganya mwenyewe kuwa amekwisha jua. Tusisahau kuwa walimu wetu wa zamani, waliomwambia mtoto weka ubao chini usome kwa moyo, na kila siku wakamdurusisha ya jana kabla ya kumpa mapya, walikuwa juu ya njia hii, na baadhi yetu tuliotoka skuli tukawacheka.

Lakini si yote ya zamani yafaa kutetewa. Ibn Khaldun katika Muqaddima yake, aliyoiandika mwaka 1377, alisema wazi kuwa ukali humdhuru mwanafunzi, humvunja nafsi na kumfundisha uwongo na hila ili aokoke. Tena mwenye hofu, ile nafasi yake ndogo ya kushikia imekwisha jazwa na hofu. Somo litakaa wapi? Kenya ilikataza viboko katika skuli mwaka 2001. Wako ambao mkono wao ungali mwepesi chuoni na nyumbani.

Kuna na umri pia. Jean Piaget wa Geneva alimimina maji sawasawa katika gilasi mbili zilizo sawa mbele ya watoto, kisha ya gilasi moja akayahamishia katika gilasi nyembamba ndefu. Mtoto wa miaka minne au mitano husema hapa sasa yamezidi. Afikapo saba hivi husema ni yale yale. Waliokuja baada yake wameonyesha kuwa watoto wadogo wajua zaidi ya alivyodhani, lakini jaribio lenyewe kila mama aweza kulifanya jikoni. Yule mdogo hakaidi. Kwake yeye maji yamezidi kweli.

Mzazi atasema hana wakati wala hakusoma. Kuuliza hakutaki kusoma. Baada ya chakula cha usiku amwulize mtoto: Leo umefundishwa nini? Na jana? Na Jumatatu iliyopita? Akikwama amwache kidogo afikiri, asimharakishe, na akishindwa kabisa wafungue kitabu pamoja, kisha kesho amwulize tena lile lile.