Koneksyoni inakatika: tutafute kosa pahali lilipo



Somo letu la mara hii linatoka mu nyumba ya mmoja wa walimu wetu. Wengi munaijua ile ordinatere yake ya kukunja. Sisi wa darasa la mwisho tunaenda kwake kila mangaribi, tupate kuangalia maswali ya miaka iliyopita ya mtihani wa Serikali, ule tunaouita Egzeta. Sasa, tangu mwanzo wa muhula wa pili, ordinatere hiyo ilikuwa inapoteza intaneti. Inatembea vizuri dakika 20, kisha inakatika. Dakika 2 ao 3 zinapita, inarudi yenyewe. Kesho yake ni vile vile.

Tunaandika juu ya sababu mbili. Ya kwanza, hii taabu iko mu nyumba nyingi, na mtu anaweza kuitafuta mwenyewe bila kutoa feza. Ya pili ni kosa letu sisi madoyeni. Tuliandika jina la mtu mu kitabu cha nidhamu, naye hakuwa na kosa. Kwa hiyo ni haki tuandike hapa pia, mahali wote wanasoma.

Namna ilivyokuwa

Kuna mwanafunzi wa darasa la nane aliyekuwa anafagia mu nyumba ya mwalimu kila siku nyuma ya masomo. Siku ya pili ya kukatika, mmoja wetu alisema: "Huyu mutoto anagusa-gusa ile kisanduku ya intaneti." Hakuna aliyemuona akigusa. Lakini neno likisha kusemwa, sisi wote tukaanza kulikubali. Tulimwita, akajibu: "Ba-yaya, miye siyagusa kitu. Inakatikaka hata wakati siko." Tulimwambia anyamaze. Tukaandika jina lake, akakatazwa kuingia mu ile nyumba siku 9.

Mu zile siku 9 koneksyoni iliendelea kukatika sawasawa na mbele.

Hapo ndipo tulianza kuwa na haya. Tena fundi mmoja alikuwa amekwisha kumwambia mwalimu kwamba ordinatere imekufa ndani, inapashwa kufutwa yote na kuanzishwa upya. Kama ingefutwa, masomo aliyoandika mwalimu kwa miaka mingi yangepotea pamoja nayo. Mwalimu alituambia: "Ninyi munasoma fizika. Mbele ya kuhukumu, mupime."

Njia ya intaneti

Kwanza tufahamu njia yenyewe. Sisi wa Kasaji tunajua gari la moshi. Mzigo ukitoka hapa kwenda Kolwezi unapita Mutshatsha. Kama mzigo haukufika, mtu mwenye akili hasemi mara moja kwamba Kolwezi wameiba. Anauliza kwanza hapa Kasaji: ulipandishwa? Kisha anauliza Mutshatsha: ulipita? Gare ya mwisho iliyouona mzigo, na ile iliyofuata isiyouona, katikati yao ndipo taabu iko.

Intaneti ya nyumbani nayo iko na gare zake. Ya kwanza ni ordinatere. Ya pili ni wifi, yaani hewa iliyo katikati ya ordinatere na kisanduku. Ya tatu ni kisanduku chenyewe, kinachoitwa ruta. Ya ine ni mnara wa rezo. Ya tano ni njia ndefu mpaka miji mikubwa na ngambo ya bahari. Na chini ya gare zote kuna kitu kimoja kinachozibeba: kurani.

Majaribio 6, moja moja

Sheria ni hii: geuza kitu kimoja tu, kisha ungojee uone. Ukigeuza vitu vitatu pamoja na taabu ikiisha, hautajua kipi kiliponyesha.

1. Je, ni ordinatere peke yake? Unganisha simu na wifi ile ile, ukikata mega za simu yenyewe. Kama intaneti inakatika ku ordinatere na simu inaendelea vizuri, kosa liko ndani ya ordinatere. Kama zote zinakatika saa moja, acha ordinatere kwa amani.

2. Kama ni ordinatere peke yake. Windows inaweza kuzima kipande cha wifi ili kulinda batri. Fungua «Gestionnaire de périphériques», tafuta kipande cha wifi, ingia ku «Gestion de l'alimentation», na uondoe alama inayoruhusu kukizima. Angalia tena tarehe. Ordinatere ikionyesha mwaka wa zamani, kurasa nyingi zitakataa kufunguka, kwani cheti cha usalama cha kila ukurasa kiko na tarehe yake ya kuanza na ya kuisha. Mtu atasema intaneti imekufa, kumbe ni saa tu. Mara nyingi ni ile batri ndogo ya mviringo ndani ya mashini, ya volti 3, iliyoisha.

3. Je, ni wifi? Sogeza ordinatere karibu na ruta, hatua 2 tu. Kama hapo haikatiki, kosa ni umbali ao vizuizi. Ukuta mnene wa matofali na mabati vinazuia sana. Wifi ya gigahezi 5 inakimbia zaidi lakini inachoka mbele ya ukuta. Ile ya gigahezi 2,4 inafika mbali zaidi. Ruta isiwekwe chini, wala nyuma ya kabati ya chuma, wala juu kabisa chini ya mabati yenye joto la mchana.

4. Je, ni mega? Neno hili ni la haya kidogo, lakini linatokea. Windows inaweza kuteremsha mambo yake mapya bila kukuuliza na kumaliza forfe yote usiku mmoja. Ku mipango ya wifi, chagua «connexion limitée». Hapo inapunguza kuteremsha.

5. Ni gare gani? Finya kifunguo cha Windows pamoja na R, andika cmd, kisha ipconfig. Angalia mustari wa «Passerelle par défaut»: ile namba ni anwani ya ruta, kwa mfano 192.168.1.1. Andika ping na namba hiyo. Ikijibu, gare tatu za kwanza ni nzima. Kisha andika ping 8.8.8.8, ambayo ni mashini ya Google iliyo mbali. Kama ruta inajibu na 8.8.8.8 haijibu, kosa liko ku rezo ao mbele zaidi. Kama 8.8.8.8 inajibu lakini google.com haijibu, njia ni nzima; kinachokosa ni ile huduma inayogeuza majina kuwa namba, inayoitwa DNS.

6. Angalia taa za ruta wakati wa kukatika, si nyuma. Kama taa ya rezo inazima na zingine zinabaki, mnara umepotea. Kama taa zote zinazima mara moja, kisha zinawaka moja moja, basi rezo haina kosa. Ruta yenyewe imezimika na kuanza upya. Hapo tafuta kurani.

Kitabu cha kuandikia

Tulifungua kaye moja na kuandika kila kukatika: tarehe, saa, taa zilifanya nini, nani alikuwa mu nyumba, kitu gani kilikuwa kinatembea. Tulifanya vile mangaribi 7. Tuliandika mara 11. Mara 11 zote taa za ruta zilizima zote pamoja. Mara 11 zote ni nyuma ya jua kutua. Ku mustari wa "nani alikuwa mu nyumba", jina la yule mutoto halikuonekana hata mara moja, kwani tulikuwa tumemfukuza.

Mmoja wetu akasoma ile kaye usiku, akaona neno lingine: mara 10 tulikuwa tumeandika "frigo inanguruma".

Basi tulieleza hivi. Nyumba ya mwalimu inapata kurani ku plaki za jua, batri ya volti 12 na konvertisere. Mchana plaki zinasaidia batri. Jua likitua, batri inabaki peke yake. Mota ya frigo ikianza, inavuta kwa dakika ndogo sana kurani mara nyingi kupita ile ya kutembea kwake. Volti zinaanguka, ruta inazimika, kisha inatafuta rezo upya dakika 2 ao 3. Lakini ordinatere ya kukunja iko na batri yake ndani, haizimiki. Ndiyo maana kila mtu aliona ordinatere inawaka bila intaneti, akasema ordinatere ni mbaya. Aliyekuwa amezimika ni mwingine, naye alikuwa nyuma ya kabati mahali hakuna anayeangalia.

Mwalimu wa fizika alileta kipimo cha volti. Frigo ilipoanza, pa nguzo za batri yenyewe tulisoma volti 12. Pa waya inayotoka, sentimetre 3 tu mbali, tulisoma chini ya 10. Volti 2 zilipotea wapi? Pa vichwa vya waya. Tulipovifungua vilikuwa vimejaa unga mweupe na wa kijani.

Hii ni sheria ya Ohm ya darasani: U = R × I. Kizuizi cha omu 0,05 ni kidogo sana, hauwezi kukisikia na mkono. Taa moja ikivuta ampere 1, inapoteza volti 0,05 tu, hakuna anayejua. Frigo ikivuta ampere 40 wakati wa kuanza, 0,05 × 40 = volti 2. Uchafu ni ule ule, lakini unaonekana tu siku ya mzigo mkubwa.

Tulizima yote, tukatoa kwanza waya ya moins, kisha ya plus. Tukasafisha na maji ya moto na bikabonati, tukakausha, tukapaka grese, tukafunga kwa nguvu, plus kwanza na moins mwisho. Angalisho: asidi ya batri inaunguza, na chuma kikigusa nguzo zote mbili kinaleta cheche kali. Wadogo wasifanye bila mkubwa. Tena mwalimu amepanga frigo itembee mchana tu. Tangu siku ile tumehesabu mangaribi 15, haikukatika hata moja.

Wakati kosa liko mbali

Tusidanganyane kwamba kila kosa liko mu nyumba. Mwezi wa 8 mwaka 2023, chini ya bahari mbele ya mdomo wa mto Kongo, mahali kuna bonde refu sana la chini ya maji, udongo uliporomoka na kukata kabo mbili, WACS na SAT-3. WACS ndiyo inayoingia inchi yetu pa Muanda tangu 2013. Meli Léon Thévenin ilikwenda kuzitengeneza, na kazi ilimalizika mwezi wa 9. Mu siku kama zile, hata ukizima na kuwasha ruta mara 100, haifai kitu. Tena tangu tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2018, nyuma ya uchaguzi, intaneti ilifungwa na amri mu inchi yote karibu majuma matatu. Jaribio la 5 na la 6 yanakuonyesha mapema kwamba taabu haiko kwako. Hapo kazi yako ni kungoja, na kushika kitabu cha karatasi.

Neno la mwisho

Siku ya Jumatatu tulikwenda mbele ya darasa la nane, pahali pale pale tulipomtaja, tukaomba musamaha kwa sauti. Bwana Prefe alifuta jina ndani ya kitabu na kuandika kando: "Hakuna kosa." Yule ndugu alitujibu tu: "Niliwaambia." Ni kweli. Siku ya kwanza alikuwa ametupatia jaribio bora kupita yote: inakatika hata wakati siko. Kama tungeliandika neno lake ku kaye pahali pa kuandika jina lake ku kitabu cha nidhamu, tungemaliza kazi ndani ya siku mbili.

Tulijifunza amri ya tisa tangu shule ya Siku ya Mungu, nasi tulifikiri inasema tu juu ya watu wenye kudanganya kwa makusudi. Sisi hatukutaka kudanganya. Tulisema tu jambo tusilolipima. Mwenye kuandikwa aliumia sawasawa.

Tumekubaliana sisi madoyeni: tangu sasa hakuna jina litaingia mu kitabu juu ya kitu kilichoharibika, kama hatukuuliza kwanza maswali matatu. Nani aliona? Kinaharibika hata wakati yeye hayuko? Tumejaribu nini? Walimu wetu, mukiona tumesahau, mutukumbushe.

Maswali ya kujibu

1. Simu na ordinatere zinakatika pamoja, taa ya rezo peke yake inazima. Kosa liko gare gani?
2. Ping ya ruta inajibu, 8.8.8.8 inajibu, lakini jina halijibu. Kinachokosa ni nini?
3. Vichwa vya batri viko na kizuizi cha omu 0,08. Pompe ya maji inavuta ampere 25. Volti ngapi zinapotea?
4. Kwa nini ordinatere ya mwalimu haikuzimika pamoja na ruta?

Majibu muyalete kwetu internati mbele ya Jumamosi.

Ndugu zenu, madoyeni wa darasa la mwisho.