BAADA YA KUPASULIWA KONGOSHO, USIHARAKISHE KURUDI KILWA



Kongosho hutoa maji ya kuyeyusha chakula. Baada ya operesheni maji hayo yakivuja tumboni, yanaweza kutoboa hata mishipa ya damu. Munganga hutambua hatari mapema: kongosho laini lenye mfereji mwembamba huvuja zaidi. Kuanzia siku ya 3 hupima maji yanayotoka katika mpira uliowekwa tumboni. Amilasi ikipita mara 3 kiwango cha juu cha kawaida katika damu, ni alama ya kuvuja.

Basi ngoja vipimo. Lubumbashi hadi Kilwa ni karibu km 350. Ukiona homa, maumivu yanayozidi, ao damu katika mpira, mwambie munganga mara moja, hata usiku.