Somo: Baridi ya Milimani na Msafiri

Watu wengi hudhani kwamba mtu akipotea porini, adui zake ni simba na njaa. Katika nyanda zetu za juu sivyo. Mwanadamu aweza kuishi majuma kadhaa bila chakula, na siku 3 hivi bila maji. Lakini baridi iliyochanganyika na mvua na upepo yaweza kumwua kwa usiku mmoja.

Sababu ni hii. Kila upandapo mita 1,000, joto la hewa hupungua kadiri ya digrii 6. Basi mtu atokaye Iyunga asubuhi kwenye jua, akapanda kwenda uwanda wa Kitulo, wenye kimo cha mita 2,600 hivi, atakuta hali nyingine kabisa. Mwezi wa Juni na wa Julai majani ya huko huweza kupambazukiwa meupe kwa sakitu.

Kwa hiyo yafaa tuyashike mambo haya:

Kwanza, kabla ya kuondoka, mwambie mtu njia utakayoshika na siku utakayorudi. Chukua blanketi, nguo kavu na kibiriti, uvifunge visipate maji.

Pili, ukungu ukishuka na njia ikakupotea, usihangaike huku na huku. Tafuta sitara nyuma ya mwamba au kichaka kabla ya jua kuchwa.

Tatu, ardhi hunyonya joto la mwili. Tandika majani makavu, unene wa shubiri moja au zaidi, ndipo ulale. Nguo iliyolowa ivue.

Nne, ukiwasha moto, fyeka nyasi kwanza pande zote, usije ukaunguza mlima.

Tano, usinywe pombe ili kupata joto. Pombe huvuta damu kwenye ngozi. Mnywaji hujiona ana joto, kumbe joto la ndani linamtoka.

Mkimkuta mwenzenu anatetemeka, anajikwaa, na maneno yake hayaeleweki, msidhani ni mlevi tu. Mvueni nguo zilizolowa, mfunikeni, na akiwa na fahamu mpeni chai yenye sukari. Akiacha kutetemeka na mwili ungali baridi, hatari imezidi. Mchukueni hospitali upesi, wala msimtikise.

Walimu na wazee wa vijiji, wasomeeni somo hili vijana wachungao ng'ombe milimani. Blanketi moja kavu si mzigo mkubwa kwa mtu atakaye kurudi nyumbani.