Shukrani Ndani ya Kafyu
Somo: Wafilipi 1:12–14



Kafyu ilipoanza Machi 27, 2020, saa moja jioni ilibidi kila mtu awe kwake. Kanisa lilikuwa limefungwa, na kibarua changu kilikuwa kimeota nyasi. Mimi, mtu wa kesha kila Ijumaa, nikabaki nyumbani nikinung'unika.

Jioni moja nikaomba tukiwa mezani. Kijana wangu wa miaka tisa akaniuliza, "Baba, kumbe wewe huomba pia kwa nyumba?"

Lo! Swali hilo lilinichoma. Kanisani walinijua kama mwombaji, lakini mtoto wangu hakuwa amewahi kunisikia.

Paulo aliandika Wafilipi akiwa kifungoni. Hakusifu minyororo, alishuhudia kwamba hata humo Injili ilisonga mbele. Nami sitasema korona ilikuwa baraka. Tulizika wapendwa wetu. Lakini katika kifungo kile moto uliwashwa kwenye madhabahu ya nyumba yetu, na haujazimika.

Mpendwa, usingoje shida iishe ndipo ushukuru. Wiki hii tafuta jambo moja ambalo Mungu amekutendea ndani ya shida hiyo, ulitaje mbele ya watoto wako. Amina.