Kwa Nini Jedwali la Kompyuta Huvurugika

Uandaaji wa orodha za alama za mitihani kwa kompyuta umewachosha walimu wengi. Tarakimu hunyooka barabara kwenye kioo, lakini karatasi inapochapishwa huonekana zimehamia chini ya somo lisilo lake. Lawama zote hutupiwa mashine. Aghalabu chanzo ni tofauti iliyopo kati ya jedwali linaloonekana kwa macho na lile linalotambuliwa na programu.

Katika mashine ya chapa ya kawaida, herufi zote zilikuwa na upana mmoja, hata mpiga chapa aliweza kunyoosha safu kwa kuhesabu nafasi. Herufi nyingi za kompyuta sivyo zilivyo. Katika chapa iitwayo Times New Roman, m ina upana wa karibu mara tatu ya i. Basi anayepanga safu kwa kubonyeza kitufe cha nafasi huvuruga kazi yake yote pindi abadilishapo aina ya herufi. Programu kama WordPerfect 5.1 ya mwaka 1989 zilileta jedwali la visanduku, ambamo mipaka ya kila safu hupimwa na programu yenyewe.

Hata hivyo, visanduku navyo hutumiwa vibaya, na kosa moja hasa lina madhara makubwa. Mwalimu huandika majina yote 40 ya darasa ndani ya kisanduku kimoja, jina chini ya jina, na alama zote katika kisanduku cha pili. Kwa macho, kazi ni sahihi. Kwa programu, jedwali hilo lina visanduku viwili tu, wala hakuna kinachofunga jina na alama yake. Jina la mwanafunzi wa 12 likiwa refu, likashika mistari miwili, majina yanayofuata hushuka mstari mmoja ilhali alama hubaki zilipokuwa. Mwanafunzi wa 13 husomewa alama za yule wa 14, na jina la mwisho hukosa alama kabisa. Aliyefaulu huweza kuambiwa ameshindwa, na hakuna tarakimu hata moja iliyoandikwa vibaya! Kila mwanafunzi akipewa safu mlalo yake, jina refu huongeza kimo cha safu hiyo peke yake, na alama hufuatana na mwenyewe hata orodha ikipangwa upya kwa alfabeti.

Taabu nyingine ni ya upana, nayo ni hesabu tu. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210. Zikitolewa pambizo mbili za milimita 25.4, hubaki 159.2. Safu ya majina ikipewa milimita 50, masomo 11 hugawana 109.2, yaani takriban 9.9 kila moja. Katika Microsoft Word, kisanduku kwa kawaida huacha milimita 1.9 kila upande. Maandishi hubakiwa na 6.1. Neno "Hisabati" kwa herufi za Times New Roman za pointi 12 linahitaji kama 14.1. Programu haina budi kulikata neno, au kuipanua safu hiyo na kuzibana nyingine. Ukurasa ukilazwa, upana huwa milimita 297, na kwa hesabu ile ile maandishi hupata 14.0. Neno bado halienei, kwa sehemu ya kumi ya milimita! Kwa pointi 10 linahitaji 11.8, nalo huenea bila taabu.

Orodha ikivuka ukurasa, programu inaweza kuagizwa kurudia vichwa vya masomo juu ya kila ukurasa. Katika Word agizo hili hufanya kazi pale programu yenyewe inapokata ukurasa. Mwandishi akiukata kwa mkono katikati ya jedwali, vichwa havirudiwi.

Darasa lenye kompyuta moja linaweza kulijaribu jambo hili. Orodha fupi iandikwe mara mbili, kwanza kwa kitufe cha nafasi, kisha kwa visanduku, safu mlalo moja kwa kila jina. Ibadilishwe aina ya herufi, kisha jina moja lirefushwe. Wanafunzi waeleze kilichohama katika kila orodha, na kwa nini.